Nina kanuni 13 za afya na zote zinanishinda. Niache zipi?

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kuanzia asubuhi hadi jioni. Nina kilo 84 na urefu wa sentimita 162. Mama yangu ana kisukari. Mara ya mwisho nilipopimwa, presha ilisoma 138 kwa 88, na nesi akaniambia kwamba nisipojirekebisha sasa, huenda nikaanza dawa mapema. Nilitoka pale nimeshaamua kubadilika.

Rafiki yangu mmoja akaniingiza kwenye kundi la simu la wanawake wanaofuata mpango wa kanuni 13 kwa siku. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Kuoga maji baridi. Kunywa maji ya moto yenye ndimu. Kutokula chochote kabla ya saa sita mchana wala baada ya saa mbili usiku. Kutogusa wanga. Kutogusa sukari. Kunywa lita tatu za maji. Kutembea hatua 10,000. Kwenda jimu siku sita kwa wiki. Kunywa unga wa protini. Kunywa chai ya kupunguza tumbo. Kuandika kila ninachokula. Kupanda mizani kila asubuhi. Usiku kila mmoja anatuma alama zake, na anayekosa hata kanuni moja anaandika sifuri.

Mwanzoni huwa naweza. Uzito unashuka haraka, nafurahi, nguo zinalegea. Kisha mtoto anaugua au kazi inabana, nalala saa tano usiku kama kawaida yangu, na jioni moja najikuta nimesimama jikoni nakula walichobakiza watoto, moja kwa moja kwenye sufuria. Wiki iliyopita nilikula wali siku mbili mfululizo, na kilo mbili na nusu zikarudi zote. Nililia. Nikaandika sifuri, halafu nikaacha kabisa kufungua kundi.

Soda sinywi. Nakunywa juisi ya boksi tu, glasi moja mchana na moja usiku. Goti langu la kulia linauma nikipanda ngazi. Nyumbani napika vyakula viwili, changu na cha familia, na mume wangu amechoka kuniona nimenuna mezani. Anasema, "Chagua vitatu uvishike, hivyo vingine viache." Rafiki yangu anasema anayeacha kanuni moja ataziacha zote, na kwamba kinachonisumbua ni kukosa nidhamu.

Nampenda rafiki yangu, na sitaki aone nimemkimbia. Ila siwezi tena. Nikiamua kupunguza, nibaki na zipi? Na je, huko siyo kukata tamaa?

Mwenye Orodha Ndefu

*

Dada yangu,

Asante kwa kuandika, na pole kwa kile kilio cha mizani. Barua yako ina maswali mawili yaliyoshikana. La kwanza ni la mwili: katika mambo hayo 13, yapi yanafanya kazi kweli? La pili ni la moyo: je, ukipunguza utakuwa umeshindwa, na rafiki yako atakuonaje? Nitaanza na la kwanza, kwa sababu nadhani litapunguza uzito wa la pili.

Kabla ya yote, tuitazame hiyo hukumu ya nidhamu. Unalala saa tano usiku na kuamka saa kumi na nusu. Hizo ni saa tano na nusu, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Usingizi ukipungua, njaa inaongezeka, na mwili unatamani zaidi vyakula vya mafuta na sukari. Juu ya usingizi huo mfupi hujala hadi saa sita mchana, hujagusa wanga, umekwenda jimu, na umefanya kazi siku nzima. Jioni ikifika unasimama mbele ya sufuria. Mimi sioni udhaifu hapo. Naona njaa iliyoanza kujengwa tangu alfajiri, na waliojenga ni kanuni zenyewe: ya kuamka mapema inakula usingizi, ya kufunga inaongeza njaa, na ya wanga inaifanya hiyo njaa ielekee palepale ulipokatazwa. Zinapigana zenyewe kwa zenyewe, wewe ukiwa katikati.

Na zile kilo mbili na nusu? Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka, ndiyo maana uzito ulishuka haraka ukafurahi. Ulipokula wali, akiba ikajaa na maji yakarudi. Ongeza chumvi ya mlo, ongeza chakula ambacho bado kiko tumboni, na kwa mwanamke ongeza mabadiliko ya mwezi. Ili upate kilo mbili na nusu za mafuta kwa siku mbili ungehitaji kula kalori kama 19,000 zaidi ya mahitaji yako. Hukula hivyo. Ulilia kwa sababu ya maji, dada yangu, na mizani haikukwambia hivyo.

Ukitaka kuendelea kujipima, jipime asubuhi baada ya kutoka msalani, andika, na usitazame namba ya siku moja. Tazama wastani wa wiki, ulinganishe na wastani wa wiki nne nyuma. Chukua pia tepu, upime kiuno mara moja kila wiki mbili, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa urefu wako, lengo zuri la muda mrefu ni kiuno kisichozidi nusu ya urefu, yaani sentimita 81. Huenda uko mbali na hapo kwa sasa, na si lazima ufike ili presha ianze kushuka.

Sasa kanuni zenyewe. Mpango huo umezipa zote alama sawa, na hapo ndipo naona tatizo lake kubwa. Maji baridi yanachangamsha, lakini hayana uzito wowote wa maana katika kupunguza mafuta. Maji ya ndimu ni maji. Chai ya kupunguza tumbo ningekuomba uiache leo hii: baadhi yake zina mimea ya kuharisha kama sena, na kinachopungua ni maji na choo. Unga wa protini ni chakula cha haraka kwa mtu aliyekosa mlo wa protini, basi. Lita tatu za maji hazina muujiza. Kunywa hadi mkojo uwe wa njano hafifu. Hatua 10,000 ni namba iliyopata umaarufu Japani mwaka 1965, kupitia jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Faida huanza chini sana ya hapo. Kufunga hadi saa sita kunawasaidia wengine kula kidogo, lakini tafiti zilizolinganisha watu wanaokula kalori sawa hazioni tofauti kubwa kati ya anayefunga na asiyefunga. Kama kunakufanya ufike jioni ukiwa umekata tamaa kwa njaa, basi hakukusaidii wewe.

Yanayobeba mzigo mkubwa ni machache, na hapa nataka tukae kidogo.

La kwanza ni protini katika kila mlo, kuanzia asubuhi. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta kwa kalori zilezile, na mtu anayepungua uzito huihitaji ili kinachoyeyuka kiwe mafuta na misuli ibaki. Kwako gramu 90 hadi 100 kwa siku zinatosha, ukizigawa kama 30 kila mlo. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kati ya 22 na 25; kidari cha kuku kama 30. Kikombe cha mtindi usio na sukari kina 8 au 9. Kwa hiyo mayai mawili, kikombe cha mtindi na nusu kikombe cha maharagwe vinakufikisha karibu 28, na hicho ni kifungua kinywa kamili. Watu wengi hukosea hapa: wanaacha protini yote kwa chakula cha usiku, wanashinda na chai na mkate, kisha wanashangaa mbona jioni hawashibi.

Hili litakuondolea pia kupika vyungu viwili. Pika chakula kimoja cha familia. Kwenye sahani yako, nusu iwe mboga, robo iwe protini, robo iwe wanga, wali ukiwemo. Pakua ukiwa jikoni, sufuria ibaki huko, ukae mezani na wenzako. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa, kwa kuwa kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120 na mkono haujui kuhesabu.

La pili ni vinywaji, na hapa nakuuliza kwa upole: kwa nini juisi ya boksi haikuhesabiwa kwenye kanuni ya sukari? Glasi ya mililita 250 ina takriban gramu 25 za sukari. Glasi mbili ni 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Yaani juisi peke yake inamaliza kiwango chote, na haishibishi kama tunda lenyewe. Katika barua yako yote sijaona badiliko rahisi kuliko hili: kalori kama 200 kwa siku, karibu na zinazotumika kwa dakika 40 za kutembea kwa mtu wa uzito wako.

La tatu ni mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki. Siku sita hazihitajiki. Dakika 30 nyumbani zinatosha kuanzia, kwa mienendo mitano: kukaa na kusimama kwenye kiti, pushapu ukiwa umeegemea meza, kuvuta begi lenye uzito kuelekea kiunoni huku umeinama na mgongo umenyooka, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka. Wiki mbili za kwanza fanya seti mbili tu (yaani mizunguko miwili) za kila kimoja, kila seti mara 8 hadi 12 (hicho cha mwisho kwa sekunde 15 hadi 30). Simama pale unapohisi ungeweza kufanya mbili zaidi. Ukifika 12 katika seti zote bila kuhangaika, ongeza kilo moja au mbili kwenye begi, au tumia meza fupi zaidi kwa pushapu. Usipoongeza kitu kwa miezi, misuli haina sababu ya kubadilika. Hapo ndipo wengi hukwama wakidhani zoezi halifanyi kazi.

Kwa lile goti, tumia kiti kirefu au weka mto juu yake, magoti yaelekee zinakoelekea vidole vya miguu yasigongane ndani, na ushuke polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Maumivu madogo yanayotulia ndani ya saa 24 yanavumilika. Goti likivimba, likikwama au likilegea ghafla, acha na umwone daktari. Uchovu wa misuli siku mbili baada ya zoezi ni wa kawaida. Kushindwa kushuka ngazi maana yake ulianza na seti nyingi mno.

Kutembea nakutaja kwa kifupi kwa sababu unakujua. Mwongozo wa kimataifa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuongea lakini usikuruhusu kuimba. Dakika 10 baada ya kila mlo zinahesabika, na kwa mtu mwenye mzazi mwenye kisukari, kutembea baada ya kula kuna faida ya ziada: misuli inachota sukari kwenye damu wakati ileile inapopanda.

La mwisho ni usingizi. Nimelitaja mwanzoni, na labda ndilo gumu kuliko yote kwa mama mwenye watoto.

Mume wako anasema vitatu. Mimi sitakuchagulia idadi, ila nikuoneshe milango unayoweza kuanzia, na hatari ya kila mmoja.

Unaweza kuanza na chakula: protini asubuhi na kuacha juisi. Faida yake ni kwamba hauhitaji muda wa ziada, na njaa ya jioni huwa inapungua mapema. Hatari ni kwamba ukipungua uzito bila mazoezi ya nguvu, sehemu ya kinachopotea huwa misuli, na katika umri wa miaka 40 na kuendelea misuli ni mali ngumu kuirudisha.

Unaweza kuanza na mazoezi ya nguvu. Watu wengi huona wana nguvu zaidi ndani ya wiki chache, na hiyo inatia moyo kuliko mizani. Hatari yake ni kwamba mazoezi peke yake hushusha uzito kidogo, na huwa yanafungua mlango wa "leo nimefanya kazi, acha nile." Kama mizani ndiyo inayokupa furaha, utakata tamaa.

Au unaweza kuanza na usingizi, kwa kufuta kanuni ya saa kumi na nusu na kusogeza muda wa kulala dakika 15 mapema kila wiki hadi upate saa saba za usingizi. Mengine yote huwa mepesi baada ya hapo. Ugumu wake ni kwamba hauko mikononi mwako peke yako. Mtoto akiugua usiku, umeisha. Utahitaji kuelewana na mume wako nani anaamka siku gani.

Na unaweza kubaki na zote 13. Ni chaguo pia. Ila umeshaona linavyoisha wiki ikibana, na sijui ni nini kingebadilika safari hii.

Ukichagua, jiulize swali moja juu ya kila tabia: katika wiki mbaya kuliko zote, mtoto ana homa na kazi imerundikana, hili litabaki vipi? Liandikie toleo dogo mapema. Mazoezi ya dakika 30 yana toleo la seti moja kwa dakika nane. Kifungua kinywa kina toleo la mayai mawili ya kuchemsha yaliyolala kwenye friji. Kisha lifunge kwenye jambo unalofanya tayari: baada ya kurudisha watoto, kabla ya kuvua nguo za kazi.

Usijipe siku 21 kama watu wanavyosema. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kujiendesha lenyewe, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa 254, na mazoezi yalichelewa kuliko kunywa glasi ya maji. Utafiti huohuo ulionesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Linganisha na kundi lenu, ambako kukosa kimoja ni sifuri. Sheria ile haikupimi afya, inakufundisha kuacha.

Na rafiki yako. Sidhani anakutakia mabaya. Inawezekana kanuni hizo zinamfaa, au inawezekana naye anaandika sifuri asizokuambia. Unaweza kubaki kwenye kundi na kusema wazi, "Kwa miezi mitatu nafuata mambo mawili tu, nitatuma alama za hayo." Hatari ni kwamba watakubishia kila usiku na utachoka. Unaweza kujitoa kwenye kundi ukabaki na yeye: mwombe mtembee pamoja mara mbili kwa wiki, mzungumze mengine. Hapo hatari ni siku za mwanzo za ukimya baina yenu. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila jiulize: urafiki wenu ulikuwapo kabla ya kanuni 13?

Kuhusu kukata tamaa: tangu lile goti na ile presha, hujaacha kutafuta njia. Hata barua hii ni kutafuta. Sioni aliyekata tamaa hapa, lakini nakuachia ulipime mwenyewe.

Mambo mawili ya tahadhari. Presha ya kipimo kimoja haitoshi. Ukiweza kupata mashine ya kupimia presha nyumbani, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kisha umpelekee daktari hizo namba. Punguza chumvi, kiwango cha juu kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kwa jumla ya kila unachokula, na vyakula vya pakiti vina nyingi kuliko unavyoonja. Pili, kwa kuwa mama yako ana kisukari, omba upimwe sukari na figo kabla ya kuongeza protini, kwa sababu mwenye figo zenye shida hupewa kiwango tofauti. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida wakati wa zoezi, simama na utafute huduma mara moja.

Ukishajua unaanzia mlango upi, niandikie, unitajie na saa unazolala kweli, siyo unazotamani. Tutaangalia pamoja toleo dogo la wiki ngumu litakalokutosha.

Wako,
Mshauri